Nani Amfuate Nani

Wilaya ya Ruangwa, kusini mwa Tanzania, ina kata inayoitwa Nachingwea. Si mji wa Nachingwea, makao makuu ya wilaya ya jirani, wala si ile Wilaya ya Nachingwea ambayo Ruangwa yenyewe ilimegwa kutoka ubavuni mwake miaka ya 1990. Mgeni aliyetumwa kutoka Dar es Salaam akiwa na karatasi yenye neno hilo moja anaweza kushuka mahali ambapo hakuna anayemsubiri. Wenyeji hucheka. Lakini kwa mtu anayepanga watumishi wa afya akiwa ofisini Geneva au London, hiki si kichekesho. Ni dalili ya kwanza kwamba ramani aliyoitandika mezani na nchi anayotaka kuihudumia ni vitu viwili tofauti.

Ruangwa ni nchi ya ufuta na korosho, ya mihogo na mbaazi, nchi ya Wamwera kwa sehemu kubwa, na mvua ikikolea barabara ya udongo huamua yenyewe nani apite na nani arudi. Kwa zaidi ya miaka 100 mashirika ya afya kutoka nje yameleta kwenye kanda hii, kuanzia Masasi na Newala hadi Nachingwea na Ruangwa, Waingereza, Wajerumani, Waswisi na wengineo, yakawachanganya kazini na Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo. Kila shirika lilikuja na vyeo vyake, sala zake na fomu zake. Lakini swali walilolikuta lilikuwa lile lile: mtumishi akishapelekwa kituo cha mbali, nani amfuate mwenzake? Mkubwa aende huko, au mdogo aitwe mjini?

Wa kwanza kulijibu walikuwa wamisheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao Unguja, alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani. Ilikuwa jamii ya mchanganyiko tangu siku ya kwanza: watu wa makabila mbalimbali ya bara, waliokutanishwa Unguja, wakiongozwa na Waingereza wachache, Kiswahili kikiwa lugha ya wote. Wamisheni wa UMCA hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, malazi na posho ndogo, na walitakiwa kuwa bila ndoa. Mkuu wa utumishi wa siku hizi angeshangaa, ila mpango huo ulikuwa na mantiki yake. Asiye na mke wala mshahara wa kulinda ni rahisi kumhamisha.

Wabenediktini wa Kijerumani walikuwa na njia nyingine. Walifika Lukuledi mwaka 1895, wakaenea hadi Nyangao, na vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905 vituo vyao vikaharibiwa. Mwaka uliofuata walianza upya Ndanda. Kwa mtawa wa Kibenediktini nadhiri humfunga kwenye jumuiya moja na mahali pamoja: anasali hapo, analima hapo, anazikwa hapo. Kwa hiyo wakati Waanglikana walitawanya watu wao vijijini, Wabenediktini walijenga kitovu kikubwa chenye karakana, shule na hospitali, kisha wakatoa matawi kidogo kidogo. Ukitazama ramani ya hospitali za kusini leo bado utaona alama ya tabia hizo mbili.

Vita Kuu vya kwanza vilionyesha mfumo upi ungesimama bila wakubwa wake. Mwaka 1917 mapigano yalifika hadi Narungombe, ndani ya Ruangwa ya leo. Jeshi la Waingereza lililopigana huko lilikuwa na askari wa King's African Rifles, wa kutoka Gold Coast, na wa Afrika Kusini, na nyuma yao msururu wa wapagazi waliokufa zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wabenediktini wa Kijerumani waliondolewa. Vituo vyao vikabaki kwa makatekista na walimu Waafrika, na wamisheni hao waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta Ukristo haujafa. Kazi ilikuwa imeendelea miaka kadhaa bila wakubwa wake wa Kijerumani.

Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijifunza nusu ya somo hilo. Mwaka 1926 John Owen Shircore, mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika, alianzisha mpango wa madresa wa vijijini. Dresa alikuwa kijana aliyepata mafunzo mafupi hospitalini kisha akarudishwa kwao, analipwa na serikali ya wenyeji iliyokuwa chini ya machifu, anasafisha vidonda, anafunga bendeji, anatoa kwinini. Kituo chake kilikuwa kibanda kimoja. Alikuwa na wakubwa wawili, chifu aliyemlipa na daktari aliyemfundisha, na wote wawili walikuwa mbali naye kwa namna tofauti. Kwa bei, mpango huo haukuwa na mpinzani. Kwa usimamizi ulitegemea kabisa kama daktari wa wilaya alikuwa na gari, na kama gari lenyewe lilikuwa zima.

Wakati huo huo sindano ya buba ilibadilisha kila kitu. Buba ni ugonjwa wa vidonda uliowashambulia hasa watoto, na dawa mpya za sindano ziliukausha kwa namna ambayo watu waliiona kwa macho yao. Makundi yalianza kumiminika kwenye vituo vya misheni. Watu wa afya waliokuwa wakihimiza wagonjwa waje ghafla hawakuwa na mikono ya kutosha. Hapo ndipo madaktari wanawake wawili walipoingia kwenye historia ya kusini: Frances Taylor upande wa Waanglikana wa Masasi, na Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa daktari wa Kibenediktini aliyefika Ndanda mwishoni mwa miaka ya 1920. Hawakuwa wa shirika moja wala taifa moja, na mataifa yao yalikuwa yametoka kupigana. Wote wawili walilazimika kufikia uamuzi mmoja, kwamba daktari peke yake ni bure. Lazima afundishe.

Aliyelipeleka wazo hilo mbali zaidi alikuja mwaka 1935, akiwa na miaka 29. Jina lake lilikuwa Leader Stirling. (Leader ndilo jina alilopewa na wazazi wake, wazazi wengine huwa na bahati ya kubashiri.) Alikuwa daktari wa upasuaji aliyesomea London, akaja na UMCA, akafanya kazi Masasi kisha Lulindi, kwenye hospitali ya udongo na nyasi. Daktari wa misheni wa siku hizo hakuwa wa hospitali moja. Nyuma yake kulikuwa na zahanati na vihospitali vilivyoendeshwa na wauguzi, baadhi Waingereza, wengi zaidi Waafrika waliofunzwa palepale, na kila kimoja kilimtegemea yeye kwa kile ambacho muuguzi hangeweza kukifanya.

Stirling alikuwa mtu wa skauti hadi mifupani. Miaka ya mwanzo ya uhuru ndiye aliyekuwa Skauti Mkuu wa Tanganyika. Anayejua skauti anajua jinsi inavyoongozwa: vikosi vidogo, kila kikosi na kijana wake wa kukiongoza, mkubwa akipita kukagua na kuondoka. Msomaji haruhusiwi kusema kwamba aliendesha hospitali kama kambi ya skauti, lakini ni vigumu kutoona mshabaha. Alifunza wauguzi wa Kiafrika kwa bidii. Kwake mafunzo hayakuwa hisani. Yalikuwa njia pekee ya daktari mmoja kuwa mahali pengi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1949 alifanya jambo lililowashangaza wengi: aliingia Kanisa Katoliki, akaacha UMCA, akahamia Mnero, Nachingwea, kwenye hospitali ya Wabenediktini. Hebu msomaji atazame mwaka huo. Vita Kuu vya pili vilikuwa vimemalizika miaka 4 tu kabla yake. Wakati wa vita wamisheni wa Kijerumani nchini walikuwa watu wa kushukiwa na serikali, na ilikuwa nafuu kwa Ndanda kwamba abati na askofu wake, Joachim Ammann, alikuwa Mswisi. Aliyemrithi Ammann mwaka huo huo wa 1949, Viktor Hälg, naye alikuwa Mswisi. Sasa Mwingereza, mwongofu mgeni, anaingia kwenye jumuiya ya watawa Wajerumani na Waswisi, kufanya kazi na wauguzi wa Kimwera, Kiyao na Kimakua. Alikaa Mnero hadi 1964. Miaka 15 ni muda mrefu mno kwa mtu asiyeweza kuishi na wenzake.

Nini kiliwaunganisha? Dini, ndiyo, ingawa dini ndiyo iliyokuwa imemtenganisha na wenzake wa zamani wa Lulindi. Kiswahili, bila shaka: wodini Kiingereza kilikuwa cha daktari, Kijerumani cha masista, na Kiswahili cha wote. Lakini lipo la tatu ambalo washauri wa mashirika huliruka. Walikaa. Muuguzi aliyefunzwa Mnero alimkuta daktari yule yule mwaka wa kwanza na mwaka wa kumi. Alijua hasira yake inaishaje na sifa yake ina thamani gani. Leo mkataba wa mtaalamu wa nje wa miaka 2 unahesabiwa kuwa mrefu.

Si mbali na Mnero, wakati huo huo, kulikuwa na mfano wa kinyume kabisa. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947, ulichagua Nachingwea kuwa moja ya maeneo yake makuu matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Ulikuwa na kila kitu ambacho Stirling hakuwa nacho: matrekta, fedha, wanajeshi wastaafu wenye vyeo, reli mpya kutoka pwani. Maamuzi makubwa yalitoka London. Ulipovunjwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza takribani pauni milioni 36, na reli ya Nachingwea nayo ilikuja kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haukuwa mpango wa afya, na haifai kuulaumu kwa ulichokuwa hauna nia nacho. Ila kwa anayetaka kujua jinsi watu wengi wa mataifa mengi wanavyoweza kupelekwa msituni bila mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote, karanga za Nachingwea ni darasa tosha.

Mashamba yaliyoachwa yalipata kazi nyingine. Moja, linalojulikana hadi leo kama Farm 17, likawa kambi ya mafunzo ya FRELIMO katika vita vya kuikomboa Msumbiji. Mkuu wake, Samora Machel, alikuwa muuguzi hospitalini Lourenço Marques kabla ya kushika bunduki. FRELIMO iliendesha huduma zake za afya kutoka upande huu wa Ruvuma, hospitali yake ikiwa Mtwara na ikiitwa Américo Boavida, kwa jina la daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Waliotibiwa walizungumza Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kireno. Wenyeji wao walizungumza Kiswahili. Wahudumu walivuka mto kwa miguu kuwafuata wagonjwa ndani ya Msumbiji, kwa sababu mgonjwa aliyengoja gari angengoja hadi amani.

Stirling, wakati huo, alikuwa ameshakuwa mwanasiasa. Aliingia bungeni kabla ya uhuru akiungwa mkono na chama cha TANU, akachukua uraia, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya. Mtu aliyefunza wauguzi kwenye nyumba ya nyasi alikabidhiwa nchi nzima iliyokuwa inajenga zahanati kwa kasi baada ya vijiji vya ujamaa. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978, uliotangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya dunia, uliikuta Tanzania tayari ikifanya kwa njia yake kile kilichohubiriwa. Waganga wasaidizi wa vijijini, warithi wa yule dresa wa 1926, walisambazwa hadi pembe ambazo daktari hakuwahi kukanyaga.

Kusambaza kulifanikiwa. Kufuatilia, kidogo. Uchumi ulipoanguka, magari ya wilaya yalisimama kwa kukosa spea na mafuta. Mpango wa dawa muhimu ulioanza katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa DANIDA na UNICEF ulipeleka maboksi ya dawa yaliyofungwa tayari hadi kwenye zahanati. Boksi lilifika, msimamizi hakufika. Lilikuwa jibu la busara kwa njaa ya dawa, na ni salama kusema liliokoa maisha, lakini lilizoesha wakubwa kuamini kwamba kituo kilichopokea boksi kimeshatembelewa.

Kisha ukaja wakati wa utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Mswisi Rudolf Geigy na baadaye ikawa taasisi ya Kitanzania, ilileta kusini mradi wa kuwapa watoto wachanga dawa ya SP wanapokwenda kupata baadhi ya chanjo zao, ili kuwakinga na malaria. Wilaya zilikuwa 5: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Ndani ya timu moja kulikuwa na Watanzania wa Ifakara, watu wa chuo cha tiba za kitropiki cha London, Waswisi wa Basel, fedha za Wamarekani, na wahudumu wa zahanati za serikali ambao mkubwa wao hakuwa yeyote kati ya hao bali mganga mkuu wa wilaya. Uamuzi uliookoa mradi ulikuwa huo wa mwisho: dawa isitolewe na watu wa mradi, itolewe na wahudumu wa kawaida siku ya kawaida ya kliniki.

Wasaili waliopita nyumba kwa nyumba walipewa kompyuta za mkononi badala ya karatasi. Ilikuwa mwaka 2004, wakati simu zenyewe zilikuwa hazijaenea vijijini. Kifaa kilikataa jibu lisilowezekana, kwa mfano mtoto aliyezaliwa kabla ya mama yake, na msaili alilazimika kuuliza tena akiwa bado kwenye mkeka wa mwenye nyumba. Mwaka 2007 walihesabu kaya zipatazo 226,000. Takwimu hizo zilipochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2015 zilitoa jedwali ambalo halihitaji maelezo marefu. Kwa wanawake walioishi ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, vifo vilivyotokana moja kwa moja na uzazi vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa walioishi zaidi ya kilomita 35, vilikuwa 422.

Namba nyingine kutoka kundi lilelile la watafiti, iliyochapishwa 2012, inahusu wahudumu wenyewe. Kwenye vituo vya pembeni kusini mwa Tanzania, walioajiriwa walikuwa asilimia 14 tu ya wauguzi waliotakiwa kuwapo kwa mujibu wa mwongozo, na asilimia 20 ya matabibu. Hao matabibu wachache, asilimia 44 hawakuwapo siku watafiti walipofika. Walikuwa wapi? Asilimia 38 ya waliokosekana walikuwa kwenye semina. Wengine walikuwa safarini kikazi, wengine likizo, wengine masomoni. Wakati huo huo karibu theluthi mbili ya vituo vilikuwa vimetembelewa na timu ya afya ya wilaya chini ya mara 3 katika miezi 6.

Namba hizo zikisomwa pamoja zinageuza historia ya Stirling kichwa chini. Mwaka 1935 mkubwa alikwenda. Sasa mdogo anaitwa. Kila mradi una semina yake, kila semina ina posho yake, na mganga mfawidhi wa zahanati ya mbali, ambaye mara nyingi ndiye pekee mwenye ruhusa ya kuandika dawa fulani, anafunga mlango ili akafundishwe jinsi ya kuuacha wazi. Haitakuwa haki kumlaumu. Posho ya siku 5 mjini inaweza kulipa ada ya mtoto, na semina ndiyo nafasi pekee ambapo wakubwa wanamwona usoni. Mashirika yenyewe ndiyo yaliyobuni mtindo huo, kwa sababu mahudhurio ya semina ni rahisi kuyahesabu kuliko asubuhi moja iliyotumika vizuri kwenye kliniki ya watoto.

Watafiti hao hao walijaribu njia nyingine. Mpango wao wa kuokoa watoto wachanga, ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga, ulichukua wanawake 824 wa kujitolea, wanakijiji wa vijiji walivyovihudumia, kwenye wilaya 6 za Lindi na Mtwara. Kila mmoja aliwafuata wajawazito nyumbani, akiwa na mwanasesere wa kuonyesha jinsi ya kumpakata mtoto, na akirudi tena baada ya kujifungua. Mtoto aliyeonekana mdogo alipimwa urefu wa unyayo, kwani mizani haipo nyumbani kwa mtu lakini unyayo upo. Safari ndefu kuliko zote kwenye shirika, ile ya hatua chache za mwisho, ilikuwa imekabidhiwa kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya gari.

Matokeo yalitoka mwaka 2015 na hayakuwa ya kupigiwa vigelegele. Mama wengi zaidi walinyonyesha ndani ya saa ya kwanza na usafi wakati wa kuzaa ulikuwa bora, lakini vifo vya watoto wachanga havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Watafiti waliandika hivyo bila kuficha, na hilo peke yake linastahili heshima. Mwanamke wa kujitolea aliweza kumshauri jirani yake aende hospitali. Hakuweza kumwekea mkunga kwenye zahanati ambayo muuguzi wake mmoja yuko semina.

Kwenye meza ya kila zahanati ya Tanzania lipo daftari la wageni, na msimamizi akija husaini: tarehe, jina, cheo, anakotoka, dhumuni la safari, maoni. Mtu akitaka kujua jinsi kituo chochote cha Ruangwa au Nachingwea kinavyosimamiwa asiulizie chati ya shirika. Alifungue daftari hilo, ahesabu siku kati ya tarehe moja na inayofuata, kisha atazame kama maoni ya mgeni wa mwisho yana tofauti yoyote na ya mgeni aliyemtangulia.